Somo la Kwanza la Punda Liwe Mwili Wake

Februari 2024, wakuu wa nchi za Afrika wakiwa Addis Ababa walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Ulikuwa uamuzi wa haki, na ulichelewa. Kwa miaka mingi ngozi hizo zilikuwa zikisafirishwa hadi China, huko zikachemshwa na kutolewa gundi iitwayo ejiao, ambayo huingia kwenye dawa za kienyeji na vipodozi. Kenya iliumia sana. Kuanzia 2016 machinjio manne yalipewa leseni, na hadi 2018 inakwisha punda wapatao laki tatu walikuwa wameshachinjwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini humo. Ile ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Wenye punda walioamka asubuhi wakakuta kamba tupu zizini hawahitaji kuelezwa maana ya takwimu hizo. Sasa ngozi ya punda imewekewa ulinzi dhidi ya mnunuzi. Lakini ngozi hiyo hiyo, ikiwa bado mwilini mwa punda aliye hai, inachunwa kidogo kidogo kila siku na nira, kamba na matandiko, na sehemu kubwa ya madhara hayo inatokana na jambo linalorekebishika: sisi tunaomtumia mnyama huyu hatujafundishwa umbo lake la nje. Naamini somo hilo linapaswa kuwa la lazima kwa kila anayemiliki, anayekodisha au anayeendesha punda, na liingie madarasani katika maeneo yanayomtegemea.

Nianze na nira, maana ushahidi wake uko wazi barabarani. Katika sehemu nyingi za Kenya na Tanzania mkokoteni wa punda umerithi zana za ng'ombe. Ng'ombe wetu wa asili ana nundu. Gogo la nira likiwekwa mbele ya nundu, mnyama akipiga hatua nundu inalisukuma gogo na mzigo unafuata. Punda hana nundu. Mahali ambapo ng'ombe ana donge la nyama, punda ana ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizofunikwa na ngozi na nyama haba. Akivishwa gogo lile lile, gogo linakosa pa kuegemea. Linakwenda mbele na kurudi nyuma, linasaga ngozi, na haupiti muda juu ya shingo panakuwa kidonda kibichi ambacho kesho yake kitavalishwa tena gogo. Nguvu ya punda ya kuvuta iko kifuani na mabegani, ndiyo maana kinachomfaa ni mkanda mpana wa kifuani. Mkanda nao una mahali pake. Ukipanda sana unabana koromeo, na punda anaishiwa pumzi kwenye mwinuko kabla hata ya kuchoka. Ukishuka sana unalala juu ya kiungo cha bega, na kila hatua inakuwa ya kupigana na mkanda. Unatakiwa ukae juu kidogo ya ncha ya bega, ule mfupa unaochomoza mbele, ambao mtu yeyote aliyesimama ubavuni mwa punda anaweza kuupapasa kwa kiganja. Anayeijua ncha hiyo atafunga mkanda vizuri hata kama ameushona kwa gunia na mpira wa gurudumu kuukuu. Asiyeijua atamuumiza mnyama hata akiletewa zana ya ngozi kutoka kiwandani, na miradi ya kugawa zana bila mafunzo inajidanganya hapo. Kwenye mteremko mambo ni yale yale: mkokoteni usio na mkanda wa nyuma ya mapaja hauna breki, kwa hiyo uzito wote unamsukuma punda kutoka nyuma, na anauzuia kwa shingo.

Kwenye mgongo, punda mwenyewe ametusaidia. Punda wengi wa kijivu na wa hudhurungi wana mstari mweusi unaotoka shingoni, unapita katikati ya mgongo hadi mkiani, na mwingine unaoukata juu ya mabega, ukashuka pande mbili. Mstari ule mrefu unafuata uti wa mgongo, na ule mfupi unapita karibu na mahali ambapo pingili za uti zina ncha ndefu na nyama kidogo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa kwa dakika chache kwamba juu ya mstari mweusi hakikai kitu kigumu: si fundo la kamba, si mbao ya tandiko, si mshono wa gunia. Mzigo wa mgongoni ubebwe na misuli iliyo kulia na kushoto kwa mstari, juu ya mbavu. Tandiko zuri ni mito miwili iliyoachana katikati, ili hewa ipite juu ya uti na pasiguswe. Mjini Lamu, ambako mitaa ni myembamba kiasi kwamba mchanga, matofali na saruji huingia kwa punda, shogi linaloning'inia pande mbili linatenda kazi hiyo vizuri likijazwa sawa. Likijazwa upande mmoja zaidi, linapinda, na ukingo wake unakaa juu ya mfupa. Nyuma ya ubavu wa mwisho kuna kiuno, sehemu fupi isiyo na mbavu za kuishikilia kutoka chini. Mfuko wa saruji ukisogea hadi hapo, mnyama hupinda mgongo na kukunja miguu ya nyuma. Mwendeshaji ambaye hajui kiuno kiko wapi huona ukaidi, akachukua fimbo.

Miguu ndiyo inayodanganya macho zaidi. Punda, sawa na farasi, husimama juu ya ncha ya kidole kimoja kwa kila mguu, na kwato ni ukucha wake. Tunapopaita goti la mbele, kwa mpangilio wa mifupa, ni kifundo cha mkono wetu. Kile kinachoonekana nyuma kama goti lililopinda kinyume ni kisigino, na goti halisi la nyuma limejificha juu, karibu na tumbo. Hii siyo elimu ya pambo. Kuanzia viungo hivyo kushuka chini hakuna nyama: kuna mfupa, kano na ngozi tu. Pigo la fimbo hapo halina kinachoupunguza ukali wake, na kano iliyoumia huchukua miezi kupona ikiwa itapona. Kwa upande mwingine, kwa kuwa hakuna nyama, mkono wa mtu unaweza kuusoma mguu moja kwa moja. Pitisha kiganja kutoka goti hadi kifundo cha juu ya kwato, mguu wa kulia kisha wa kushoto, ukilinganisha unene na joto. Mguu ulio na joto kuliko mwenzake unatoa taarifa kabla ya mnyama kuanza kuchechemea, na siku mbili za kupumzika wakati huo zinaweza kuokoa miezi. Kwato nazo zinataka jicho lake. Za punda ni nyembamba na zimesimama wima kuliko za farasi, na hunyonya maji kwa urahisi, kwa sababu mababu zake ni wa nchi kavu yenye mawe. Punda wa mashamba ya mpunga ya Mwea, anayeshinda kwenye tope, yuko katika hatari ambayo punda wa kwenye mawe haijui: pembe ya kwato inalainika, uchafu unapenya, usaha unajikusanya ndani. Na fundi aliyejifunzia kwa farasi, akiona kwato zilizosimama, atazikata zilale, akidhani anarekebisha.

Hapo ndipo historia ya farasi inapotufaa. Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alipoandika jinsi ya kumchagua farasi alianza na miguu, kwato kwanza. Waandishi wa Kiarabu wa furusiyya, yaani elimu ya farasi na upandaji wake, tangu enzi za Abbasi, waliyapanga maumbo na kasoro za farasi kwa uangalifu ambao hadi leo unashangaza. Kitabu cha Carlo Ruini juu ya mwili wa farasi kilitoka Bologna mwaka 1598. Cha mchoraji George Stubbs, aliyepasua mizoga ya farasi kwa miezi 18 katika nyumba ya shamba huko Lincolnshire, kilitoka London mwaka 1766. Claude Bourgelat, mwalimu wa upandaji farasi aliyeanzisha shule ya udaktari wa wanyama ya Lyon mwaka 1761, aliandikia wanafunzi wake kitabu kizima juu ya umbo la nje la farasi, kwa sababu alijua kwamba asiyeweza kumsoma mnyama aliyesimama mbele yake hatafaidika kwa kumpasua. Elimu yote hiyo ilifuata thamani: farasi alikuwa vita, mbio na fahari. Punda alibebeshwa mizigo ya majeshi hayo hayo na hakuandikiwa hata robo yake. Ni jambo la kusikitisha zaidi ukikumbuka kwamba huyu ni mwenyeji wetu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha alifugwa kwanza Afrika, upande wa mashariki, miaka 7,000 hivi iliyopita, ilhali farasi hawakuweza kuenea katika sehemu kubwa ya nchi zetu kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa farasi wa Afrika. Hata hivyo, leo kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, farasi hutembezwa mbele ya watu kabla ya kukimbia, na wajuzi humkagua kuanzia kwato hadi shingo. Punda aliyewaletea majirani wa uwanja huo maji au makaa hajapata mkaguzi.

Kuna watakaosema hii ni kazi ya daktari wa mifugo. Ningekubali kama daktari angekuwa karibu, kama angeitwa mapema, na kama punda angekuwa mnyama anayelalamika. Punda huficha maumivu. Farasi mwenye tumbo linalomsokota hujibwaga na kugaagaa. Punda mwenye maumivu yale yale anaweza kusimama kimya, kichwa kikiwa chini ya usawa wa mabega, masikio yameanguka pembeni, amesusa chakula. Wengi humwona mpole siku hiyo. Kususa kula peke yake ni hatari kwake, maana mafuta ya mwili huanza kumiminika kwenye damu kwa wingi unaoweza kumuua. Daktari akiitwa siku ya tatu anaitiwa mzoga. Kwa mnyama wa namna hii mtu wa kwanza wa tiba ni yule anayemfungua kamba alfajiri, na kinachomsaidia ni kujua hali ya kawaida ya mwili huo: ufizi ni wa waridi na unyevu, ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, kisha rangi inarudi ndani ya sekunde mbili, mbavu zinapapasika chini ya kiganja bila kutokeza kama vijiti, masikio yanafuata sauti. Mtu huyo akipiga simu na kusema kidonda kiko nyuma ya bega la kushoto, juu ya ubavu, daktari aliye mbali anajua kwamba mkanda wa tumbo umekazwa vibaya. Akisema punda anaumwa, daktari hajaambiwa kitu.

Wengine watasema waendesha punda wanawajua punda wao kuliko mwandishi wa gazeti, na kwamba kuwafundisha ni kuwadharau. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vijana wa Lamu wanaoshindana mbio za punda wakati wa Maulidi wanasoma mwendo na tabia ya mnyama kwa namna ambayo hakuna kitabu kinachoweza kufundisha. Wanawake wa Kimaasai wanaomtwika punda maji na nyumba nzima wakati wa kuhama wanajua ni nani abebe nini. Lakini uzoefu hurithisha kosa sawasawa na unavyorithisha ustadi. Nira ya ng'ombe kwenye shingo ya punda haikuvumbuliwa na wajinga. Ilikuwa ujuzi wa kweli juu ya mwili mmoja, ukahamishiwa kwenye mwili mwingine bila mtu kukagua tofauti. Ukataji wa masikio au pua kwa alama, na kuchoma kwa chuma panapovimba, ni mambo yaliyopokewa kwa heshima kutoka kwa wakubwa, nayo yanaumiza. Mafunzo ninayoyadai yaanzie kwenye kile ambacho mwendeshaji anakijua tayari, tena wafundishaji wawe wenzake waliokwisha kubadilisha zana zao na kuona faida.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la umaskini. Kijana aliyekodi punda na mkokoteni kwa siku lazima amrudishie mwenye mali hesabu yake jioni, kidonda kiwepo kisiwepo. Ukimwonyesha ncha ya bega na mstari wa mgongo, ataelewa, na kesho atapakia vile vile, kwa kuwa mitungi ya maji ikipungua hatakula. Msemo wa punda afe mzigo ufike haukutungwa na watu wakatili. Ulitungwa na watu waliobanwa. Nakiri kwamba elimu ya mwili haipunguzi kodi ya siku wala haipandishi bei ya mtungi wa maji, na anayeahidi hivyo anadanganya. Hata hivyo, vidonda vingi havitokani na uzito wenyewe. Vinatokana na mahali uzito ulipokaa na kitu kilichokaa kati ya uzito na ngozi. Mito miwili ya gunia na sufi au nyasi kavu, kamba ya nailoni iliyofunikwa kwa kitambaa, gurudumu lililojazwa upepo, mzigo uliosogezwa mbele au nyuma ili mikono ya mkokoteni isimwelemee: haya hayapunguzi hata mtungi mmoja. Na kwa mfumo wa kukodi, wa kubanwa kwanza ni mwenye mali. Yeye ndiye anayepokea pesa kila jioni, yeye ndiye atakayepata hasara punda akifa, na yeye ana nafasi ya kumkagua mnyama kila anaporudishwa, akipitisha mkono kutoka kipaji hadi mkia kabla ya kuhesabu noti.

Wapo pia wanaosema pikipiki na bajaji zitalimaliza tatizo lenyewe. Mahali pengine zimeshafanya hivyo, na vizuri. Lakini petroli inapanda bei, mitaa ya Mji Mkongwe wa Lamu haitapanuliwa kwa ajili ya magurudumu, na kisima kilicho mwisho wa njia ya miguu hakifikiwi na bajaji. Zaidi ya hapo, punda wakipungua thamani ya kila mmoja inapanda. Jike hubeba mimba mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo waliochinjwa kwa miaka mitatu hawarudi kwa miaka mitatu.

Sheria tunazo. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Zinakosa mikono inayozijua kazi zake. Askari anayemsimamisha mwendesha mkokoteni ataandika nini ikiwa hajui kutofautisha alama ya kidonda kilichopona, ambayo huacha manyoya meupe, na mchubuko wa leo? Atajuaje kwamba punda bado mchanga mno kwa mzigo? Jibu liko mdomoni: akifunua midomo ataona meno ya mbele, na yakiwa bado ni ya utoto, madogo na meupe, huyo hajakomaa mifupa, kwa kuwa meno hayo huanza kubadilishwa kwenye miaka miwili na nusu na hayamaliziki hadi anapokaribia mitano. Hayo yanafundishika kwa askari, kwa maofisa ugani na kwa madalali wa minada ndani ya asubuhi moja, na punda aliye hai akiwa ndiye ubao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linaweza kuanza mwaka huu. Vyuo vya mifugo vya Kabete, Morogoro na kwingineko vimfundishe punda kama punda, visimtaje mwishoni mwa somo la farasi. Shule za maeneo ya punda zimwingize kwenye somo la kilimo, watoto waguse na kutaja. Kaunti au halmashauri yoyote inayotoza ada kwa mikokoteni itumie sehemu ya ada hiyo kumlipa mwendeshaji mzoefu mmoja kwa kila kituo awafundishe wenzake, na isitoe namba ya mkokoteni kabla mwombaji hajapimwa. Kipimo kifanyike kwa mkono: asimame ubavuni mwa punda, aonyeshe ncha ya bega, kilele cha mabega, ubavu wa mwisho na kiuno, afunge mkanda wa kifuani mahali pake, afunue midomo na kukadiria umri, kisha ainue kwato nne moja baada ya nyingine na kuzisafisha. Asiyejua kusoma anaweza kukifaulu sawa na mwenye shahada. Anayeshindwa arudi wiki inayofuata, na ada yake ya kwanza itoshe kwa majaribio yote mawili.